Sahani ya Dawa

Saa kumi na mbili asubuhi jua halijavuka mgongo wa rasi ya Ubwari, lakini Bonaventure ameshazunguka mara thelathini. Kifua amekiegemeza kwenye mti mrefu unaogeuza mashine ya kukamua mawese, na anatembea. Ndani ya pipa ngazi, yale matunda ya mchikichi, zilizochemshwa zinapondeka, mafuta mekundu yanaanza kudondoka kwenye ndoo, na chini ya miguu yake udongo umechimbika njia ya duara.

Kina mama wanaokwenda shambani, vikapu mgongoni, hawapiti kimya.

"Papa Lionel, leo umefika wapi?"

"Nimepita Mutambala," anajibu bila kusimama. "Nikifika Fizi nitawaletea ndizi."

"Na ukichoka njiani?"

"Nikichoka niko tu hapa hapa. Hii safari haipoteze mutu."

Wanacheka, naye anacheka. Lionel ni mtoto wake wa kwanza, na hapa Baraka mwanamume akishapata mtoto jina lake la zamani hupumzika. Kuna jina jingine alilowahi kuitwa mitaani, lakini asubuhi hii hakuna anayelitaja.

Juu ya kichwa chake, kwenye nguzo ya banda, kumetundikwa mkanda. Ni kitanzi kinene kilichosukwa kwa nyuzi za makuti, cheusi kwa jasho, na upande mmoja kimeungwa kipande cha kamba ya nailoni ya bluu. Mkanda huo ulimlisha kwa miaka kumi na tisa. Mkanda huohuo, mwezi wa tisa mwaka jana, aliufungua kwa mikono yake mwenyewe akiwa juu ya mti, mita kumi na mbili kutoka ardhini.

Bonaventure ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Lubondja, kwa watu wa kulima na kukata ngazi. Mkataji hupanda mngazi, ule mchikichi wa mafuta mekundu, kwa mkanda mmoja tu unaozunguka shina na kiuno chake. Anaegemea nyuma, anakanyaga gome, anaurusha mkanda juu kidogo, anapanda. Ukilegea sana, anaanguka. Ukibana sana, hausogei. Ndiyo maana kila mtu husukiwa wa kwake kwa kipimo cha mwili wake, na mkanda hauazimwi.

"Hata ndugu ya tumbo moja hawezi kukupa mukanda yake," anasema. "Ni kama kumupa mutu meno yako."

Katika kila mikungu minne aliyoshusha, mmoja ulikuwa wake, na siku njema alishusha ishirini. Kwa mikungu hiyo alimtolea mkewe Fanny mahari, akaezeka nyumba bati, akawapeleka shule watoto watatu.

Miaka mitatu iliyopita alikwenda Lulimba, kama wengi, kujaribu bahati kwenye machimbo ya dhahabu. Alirudi baada ya miezi mitano bila dhahabu, na akiwa na watu kichwani. Ni yeye mwenyewe anayesema hivyo.

"Walikuwa wawili, mwanaume na mwanamuke. Mwanamuke alikuwa ananicheka. Mwanaume alikuwa ananituma."

Alitumwa avue nguo sokoni, akavua. Alitumwa achome godoro, akalichoma, na mtoto mdogo alikuwa amelala juu yake. Fanny alimnyakua mtoto kwa mguu. Basi ndugu zake wakamfunga kwenye nguzo ya jiko, wakamwombea zamu kwa zamu, usiku na mchana, siku ishirini na tatu. Alama zingali kwenye vifundo vya mikono yake. Akisukuma mashine zinaonekana, ngozi imeng'aa pale kamba ilipokuwa inakaa.

Siku ya ishirini na nne Fanny alikata kamba kwa kisu cha muhogo. Akampakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva, akamshika kiunoni, wakaenda kituo cha afya. Walirudi na vidonge. Kimoja kila jioni.

"Juma la tatu niliamuka, nikasikia jogoo," Bonaventure anasema. Mashine imesimama sasa, anafuta shingo kwa fulana. "Jogoo tu. Nyuma ya jogoo hakukuwa mutu. Nililia mupaka bibi yangu Fanny akaogopa."

Aliyewapa dawa siku ile alisema neno moja ambalo Fanny alilishika kama amri ya kanisani: asimeze na njaa.

Nyumbani wakakaa kikao, Fanny, mama yake na shemeji wawili. Dawa inayoweza kufukuza watu wawili kichwani si ya mchezo, walikubaliana. Ikikuta tumbo tupu, itakula nini? Itamla mwenyewe. Jioni hiyo Fanny aliweka mbele ya mumewe sahani mbili.

"Hii ni ya kwako," alimwambia. "Na hii ni ya dawa."

Ya kwanza ilikuwa ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama ya kila mtu. Ya pili ilikuwa vilevile, ila mlima, na mawese yakielea juu. Kisha chai, vijiko vitano vya sukari, ya kuvunja ukali. Alimaliza yote. Siku za mwanzo alikula kwa kutii. Baadaye njaa yenyewe ilikuja, njaa ambayo hakuwahi kuijua hata wakati wa kukimbia vita.

"Unakula, tumbo linajaa, lakini kichwa inasema bado," anasema. "Nilikuwa naamuka usiku kukwangua sufuria. Mutu muzima."

Alianza dawa akiwa na kilo hamsini na nane. Hakuna aliyeona hatari. Kwa watu waliotoroka makwao mara tatu na kurudi mifupa mitupu, mashavu ni ushuhuda. Kanisani walimsimamisha mbele wakamwambia ageuke, watu wamwone ubavuni. Jirani mmoja alimwuliza Fanny kwa wivu wa kweli: "Unamulisha nini? Utufundishe na sisi." Wengine walinong'ona kuwa amepata kazi kwenye shirika na anaificha.

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mkanda.

Siku aliporudi kazini, miaka miwili baada ya kamba kukatwa, aliuzungushia kwenye mngazi wake wa kwanza, akavuta ncha mbili zikutane. Hazikukutana. Akavuta pumzi, akanyonya tumbo, akavuta tena. Paliachwa pengo la kiganja kizima.

"Nilizania umekauka," anasema. "Nikaupeleka mutoni, nikaulowanisha. Nikarudi. Ulikuwa ule ule."

Mwenzake Jérémie, mkataji wa miaka mingi na fundi wa kusuka mikanda, alimwambia angoje wiki moja amsukie mwingine. Bonaventure alikataa. Kusukiwa mkanda mpya, kwake, kulikuwa kukubali kwamba yule mtu wa zamani amekufa na mahali pake pamerithiwa na huyu mnene. Akaunga kipande cha kamba ya nailoni, akapanda hivyohivyo, akihema kama aliyekimbizwa.

Usiku huo alijiuliza ni nini kimemfanya hivi. Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya plastiki yenye vidonge, juu ya kabati.

Kwa siku kumi na moja hakumeza. Alikiweka kidonge chini ya ulimi, akanywa maji mbele ya Fanny, akatoka nje, akakitema kwenye shina la mgomba. Lakini sahani ya dawa aliendelea kuila. Angeikataa, Fanny angejua. Kwa hiyo jioni kumi na moja Bonaventure alikula chakula cha kidonge ambacho hakipo.

Anaposimulia hapo anacheka peke yake. Halafu anaacha kucheka.

Siku ya kumi na mbili alipanda mngazi mrefu kwenye shamba la Pulchérie, mama mjane mwenye mashine ya mawese. Jérémie alikuwa juu ya mti wa jirani, mita chache tu kando. Walikuwa wanataniana kama kawaida.

"Bona, we iko mutu ama gunia ya mihogo? Mti inalia."

Bona hakujibu. Jérémie aligeuza kichwa. Aliyoyaona, anasema, bado yanamwamsha.

"Alikuwa anafungua. Pole pole, vizuri, kama mutu anavua mukanda ya suruali ajioshe. Nikamwita. Hakunitazama. Alikuwa anasikiliza mutu mwingine."

Yule mwanaume alikuwa amerudi. Alimwambia Bonaventure kwamba mkanda ndio unaomnenepesha, aufungue, mti utamshika.

Jérémie alijua kelele zingemmaliza. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuomba kiberiti: "Bona, huo mti unataka kukimbia. Ushike."

Bonaventure akauangalia mti. Akaukumbatia kwa mikono na miguu.

"Ushike sana. Ukikimbia Mama Pulchérie ataniuliza mimi."

"Nimeushika," alijibu.

Jérémie alishuka wa kwake, akapanda ule, akimsemesha njia nzima: mti umetulia? unatetemeka bado? Alipomfikia, mkanda ulikuwa unaning'inia kwenye kisiki cha kuti, kamba ya bluu ikipepea. Akauchukua ule mkanda na kamba yake, akamfunga Bonaventure kiuno kwa shina, na kutoka hapo wakashuka kisiki kwa kisiki, fungua, shusha, funga. Chini, Pulchérie na wanawake waliokuwa wakiokota ngazi walikuwa wameshika midomo kwa mikono miwili. Miguu ya Bonaventure ikagusa majani. Hapo mmoja wao akakaa chini.

Kituo cha afya, ambako Jérémie na Fanny walimpeleka, siku hiyo kilikuwa na kazi moja tu: kupima watoto. Ilikuwa Jumanne. Kwenye benchi walikaa kina mama na watoto wenye mbavu za kuhesabika, nywele zimegeuka rangi, wakingoja ile pakiti ya karanga tamu ya kuwanenepesha. Bonaventure aliketishwa katikati yao, kati ya Fanny na Jérémie, mapaja yamejaza nafasi ya watu wawili.

Mama mmoja alimtazama, akatazama huku na huku. "Papa, mutoto wako iko wapi?"

"Ni mimi mutoto," alisema Bonaventure.

Walimcheka.

Muuguzi wa zamu, Constance, alimpandisha kwenye mizani. Kilo themanini na tatu. Aliandika, akalinganisha na daftari la zamani, akaandika tena. Kisha akaangalia mkono wa Fanny uliokuwa umeshika kadi. Aliuangalia muda mrefu.

"Mama, panda na wewe."

"Mi siko mugonjwa."

"Panda tu."

Kilo arobaini na nne.

Constance aliuliza wanakula nini jioni. Fanny alieleza kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake ya nyumbani bila kukosa: ugali, sombe, samaki akipatikana. Sahani mbili, moja ya bwana, moja ya dawa.

"Ya nini?"

"Ya dawa. Mulisema asimeze na njaa."

"Na wewe unakula nini?"

Fanny alikunja ile kadi mkononi. Unga nyumbani haukuwahi kuongezeka. Sahani ya dawa ilitoka mahali, na mahali hapo palikuwa sufuria yake. Miaka yote hiyo alikula jikoni, peke yake, na mumewe hakuwahi kuuliza kwa nini.

Constance aliweka kalamu chini. Miaka kumi na miwili ya kazi, anasema, na hakuwahi kusikia kidonge kikiandaliwa chakula.

"Kosa ni letu kwanza," anasema sasa. "Tulisema neno tukageuka kwa mgonjwa mwingine. Hatukuuliza mtu amesikia nini. Wala hatukumwambia kwamba dawa hii, kwa wengi, huleta njaa na huongeza kilo. Angejua, angekuja kutulilia hapa badala ya kwenda kutema kwenye mgomba."

Siku ile alimwambia Fanny kwa maneno mepesi. "Dawa haina tumbo, mama. Chakula cha bwana cha jioni kinatosha. Dawa haihitaji cha kwake." Na kwa Bonaventure, aliyekuwa amekiri kutema vidonge, alikuwa mkali: kuacha ghafla ndiko kulikotaka kumwua, si tumbo. "Ungerudisha kiuno, kichwa kikabaki kule juu ya mti."

Fanny alitoka nje, akasimama ukutani. Jérémie alimfuata akidhani anaumwa.

"Nilikuwa napikia kidonge," alimwambia. "Miaka miwili, Jérémie. Napikia kidonge, na batoto banakiangalia."

Wiki hiyo daktari wa hospitali alimwona Bonaventure. Alipima sukari ya damu na presha. Sukari ilikuwa inapanda, bado haijawa ugonjwa. Dawa ilirudishwa siku hiyohiyo, na kipimo chake kikapunguzwa baadaye, kidogo kidogo, daktari akimfuatilia. Na alipewa katazo moja lililomkata maini: miezi sita asipande mti.

Kukaa bure ndiko kungemrudisha kwenye sufuria. Fanny alikwenda kwa Pulchérie kuomba kazi ya mashine. Mjane huyo hakuficha.

"Niliogopa," Pulchérie anasema. "Mutu nilimuona na macho yangu anafungua mukanda. Na hapa kuko moto, kuko mafuta inachemka. Nikamwambia Mama Lionel: nitamupa siku tatu, na wewe ukae hapa unione naye. Siku ya ine nikamwambia we mama rudi kwako, unanimalizia kahawa."

Wasukumaji wengine hupokezana kila nusu saa. Bonaventure aliomba asipokewe mapema. Constance alikuwa amemwambia atembee, naye akaona hakuna mtu atakayemlipa atembee isipokuwa hapa. Kwa siku hupata lita mbili za mawese, chini ya nusu ya alichopata juu ya miti. Anazipeleka nyumbani, nyingine zinauzwa.

Jioni kuna sahani moja. Nusu yake ni mboga ya lengalenga au maharage, ugali umekuwa ngumi moja, mawese kijiko, na chai haina sukari. Fanny anakula naye, mkekani, mbele ya watoto. Ni agizo la Constance, na Bonaventure ndiye analisimamia: hagusi chakula kabla mkewe hajamega mara tatu.

"Ananihesabia," Fanny analalamika, lakini anatabasamu. "Mama mukwe akitembea hapa anasema tunakula kama bandege."

Haikuwa njia iliyonyooka. Miezi mitatu ya kwanza alishuka kilo tano. Mwezi wa nne, wakati wa msiba wa shangazi yake Lubondja, alikula siku nne mfululizo kama aliyefunguliwa zizini, akarudi na kilo mbili. Aliona aibu kupanda mizani. Constance alimpandisha.

"Njaa ya hii dawa haina haya," Bonaventure anasema. "Inakuja saa ine usiku, inakaa kitandani kama mugeni. Sasa nakunywa maji, naamusha bibi yangu, tunaongea. Siku ingine tunaongea mupaka inachoka yenyewe inaenda."

Leo ana kilo sabini na saba. Hatarudi hamsini na nane, daktari amemwambia wazi, na alipoambiwa alishtuka kama siku ya pengo la kiganja. Fanny ana hamsini na moja. Kidonge Bonaventure anakimeza mbele ya watoto, na binti yao mdogo humwambia afungue mdomo, amwangalie chini ya ulimi. Hakuna aliyemtuma. Alianza mwenyewe.

Na wale wawili?

"Mwanaume nimemusikia mara moja, mbali, kama redio ya jirani," anasema. "Nikaenda kumwambia Constance asubuhi ile ile. Sikungoja."

Miezi sita imetimia wiki iliyopita. Daktari amemruhusu kujaribu mingazi mifupi, ile michanga ya Pulchérie isiyozidi mita tatu, saa za asubuhi tu, na mtu akiwa chini. Sharti la mwisho lilitoka kwa Jérémie: hapandi na ule mkanda wa kuunga.

Saa nne asubuhi mashine inasimama kwa mapumziko. Jérémie anafika na fungu la nyuzi mbichi begani, za kusukia mkanda mpya. Anautazama ule mkanda mweusi juu ya nguzo.

"Huu tufanye nini?"

"Uache pale," Bonaventure anasema. "Ulifanya kazi yake."

Anasimama akiwa amekumbatia mngazi mchanga kando ya banda, fulana imepandishwa kifuani. Jérémie anazungusha uzi wa kwanza nyuma ya mgongo wake na kuuleta mbele ya shina. Kina mama wa asubuhi wanarudi kutoka shambani na mihogo yao, wanasimama kutazama. Bonaventure anawaona. Anavuta pumzi, ananyonya tumbo ndani, mbavu zinajitokeza.

Jérémie anaacha uzi, anangoja.

"Toa pumzi, Bona. Mi unaweza kunidanganya. Mti utajua."

Bonaventure anaangalia pembeni kidogo. Kisha anapumua, tumbo linashuka mahali pake, na Jérémie anafunga fundo.